Dharura Zitokanazo na Bangi: Ukweli Unaomsaidia Mhudumu wa Afya

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya kusomwa katika mikutano ya hadhara ya kata, mitaa na vijiji



Kijana wa miaka 19 anafikishwa zahanati saa 3 usiku. Ameletwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na kaka yake kwa namna ambayo mitaani huitwa mshikaki, kichwa kimeinamia kifuani. Macho ni mekundu, moyo unakwenda mbio, midomo imekauka na maneno yake hayaeleweki. Muuguzi wa zamu anauliza amekula nini au amekunywa nini. Kaka anajibu kwamba hajala kitu, hali hiyo imemwanza ghafla tu. Mama anafika nyuma yao kwa miguu na kusema mwanawe amerogwa. Rafiki aliyeshinda naye tangu alasiri amebaki nje ya geti, na ndiye peke yake anayejua kilichotokea.

Mfano huu umetungwa na haumhusu mtu wala familia yoyote, ila hakuna jambo ndani yake ambalo ni geni kwa watoa huduma za dharura. Ni nadra kwa bangi peke yake, hata ikitumiwa kwa wingi, kumuua mtu mzima mwenye afya. Kinachowatoa jasho wauguzi, matabibu na madereva wa magari ya wagonjwa ni kutojua: kama ni bangi au si bangi, kama ilivutwa au ililiwa, ilitumiwa saa ngapi, na ilichanganywa na nini. Upande mmoja, ukweli hufichwa kwa hofu na aibu. Upande wa pili, na huu una madhara vilevile, neno "bangi" hutamkwa mapema mno, na ugonjwa mwingine ambao ungetibika ukaachwa uendelee kumla mgonjwa kimyakimya.

Bangi si mgeni wa jana katika ukanda huu wa magharibi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyamwezi mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika juu ya watu waliovuta bangi kwa kiko cha maji na kukohoa kwa nguvu baada ya kila mvuto. Leo kulima, kuuza, kusafirisha, kumiliki na kutumia bangi ni makosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Sura ya 95, na adhabu zake ni nzito. Mada hii haibadilishi neno hata moja la sheria hiyo. Inahusu saa chache ambazo mtu yumo hatarini na mwingine anajaribu kumwokoa, na katika saa hizo swali la mahakama husubiri.

Wazee wengi hushangaa wakiambiwa kwamba bangi imekuwa dharura ya hospitali, kwa kuwa wao waliiona ikivutwa miaka mingi bila mtu kukimbizwa kwa daktari. Mshangao huo una msingi, na jibu lake liko katika nguvu ya bangi yenyewe. Kemikali inayolewesha huitwa tetrahidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Nchini Marekani, ambako bangi inayokamatwa hupimwa maabara mwaka hadi mwaka, wastani wa kemikali hiyo ulikuwa takribani asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa takribani asilimia 12. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikikamata skanka, yaani bangi iliyokuzwa kwa makusudi ili iwe na THC nyingi. Mtu aliyezoea msokoto wa zamani akavuta skanka kwa kipimo kile kile ni sawa na aliyezoea glasi ya pombe ya mtama akamiminiwa glasi ileile ya gongo.

Hata hivyo, jambo linalowasumbua zaidi watoa huduma si moshi, bali chakula. Mamlaka hiyo imekwisha kuwatahadharisha wazazi kuhusu biskuti, keki na pipi zilizotiwa bangi, na tofauti kati ya kuvuta na kula inafaa ieleweke vizuri, kwani wengi huponzwa na kutoijua.

Moshi wa bangi hufika kwenye ubongo kupitia mapafu ndani ya dakika chache. Mvutaji hujua mapema kwamba imemtosha, na makali yake hupungua baada ya saa chache. Bangi iliyoliwa hupita njia ndefu: tumboni, kisha kwenye ini, ambalo huigeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu kubwa ya kulewesha. Safari hiyo huchukua kati ya dakika 30 na saa 2. Mlaji wa biskuti moja hukaa dakika 40 bila kuhisi lolote, akaamua kwamba ameuziwa kitu hafifu, akala ya pili na ya tatu. Zote humfikia kwa pamoja, na hali yake huweza kudumu saa 6, 8, wakati mwingine hadi 12 au zaidi. Kwa mtoa huduma maana yake ni hii: mgonjwa aliyefika akiwa anaongea anaweza kuzama zaidi akiwa tayari kitandani au njiani ndani ya gari. Asiyejua kwamba bangi ililiwa atampima, ataona nafuu, atamruhusu arudi nyumbani, na saa moja baadaye mgonjwa huyo atakuwa amelala bila kuamshika kijijini ambako hakuna gari. Jibu la swali dogo, "alivuta au alikula, na saa ngapi", ndilo linaloamua kama mgonjwa atalazwa usiku ule au la.

Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi. Biskuti kwake ni biskuti. Mwili wake ni mdogo, hivyo kipimo ambacho kwa mtu mzima kingekuwa ulevi kwake huwa sumu. Huanza kusinzia kupita kiasi, huyumba akitembea, hulegea kama kitambaa, na baadhi hupoteza fahamu, hupata degedege au pumzi hupungua hadi kuhitaji kusaidiwa kupumua. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yameruhusu uuzaji wa bangi, vituo vya ushauri wa sumu vilipokea taarifa 207 za watoto wa chini ya miaka 6 waliokula vyakula vya bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 taarifa zilikuwa 3,054. Tanzania haijaruhusu biashara hiyo na haina maduka ya aina hiyo. Hata hivyo, mtoto hahitaji duka. Kipande cha keki kilichosahauliwa na mjomba juu ya meza kinatosha.

Sasa ligeuzwe upande wa pili. Mtoto anayesinzia, anayeyumba na kupata degedege katika mkoa huu, mara nyingi zaidi si mtoto aliyekula bangi. Anaweza kuwa na malaria kali iliyopanda kichwani, au sukari yake imeshuka, au ana homa ya uti wa mgongo. Kijana anayezungumza maneno yasiyoeleweka anaweza kuwa alianguka na pikipiki jioni na damu inavuja ndani ya fuvu. Mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyetolewa shimoni akiwa amechanganyikiwa huenda alivuta hewa chafu ya mashine inayosukuma maji humo chini. Mkulima wa tumbaku au pamba anayetapika na kutetemeka huenda alinyunyizia viuatilifu bila kinga. Wote hawa wanaweza kuwa walivuta bangi siku ileile, jambo ambalo halizuii ugonjwa mwingine. Ndiyo maana mhudumu anayeelewa kazi yake, hata akinusa moshi wa bangi kwenye nguo za mgonjwa, atachoma kidole kupima sukari na malaria, atashika kichwa kutafuta jeraha, atapima joto na shinikizo la damu. Ndugu wanaolalamika kwamba wanacheleweshwa kwa vipimo wakati "inajulikana ni bangi tu" wanaomba, bila kujua, mgonjwa wao aachiwe hatari.

Mfano wa viuatilifu unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa katika Katavi ya wakulima una uzito wa pekee. Mtu aliyedhurika na baadhi ya dawa za kuulia wadudu hutokwa jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa na kuwa kama ncha ya sindano, na tumbo huharisha. Humwokoa dawa iitwayo atropini, wakati mwingine kwa wingi. Mtu aliyekula mbegu za mnanaha, ule mmea wa maua meupe yenye umbo la tarumbeta unaoota majalalani na kandokando ya mashamba, naye huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo na hupiga kelele. Lakini mboni zake hupanuka, ngozi hukauka na kuwa ya moto, na mkojo hugoma kutoka. Sumu ya mnanaha inatokana na kemikali za jamii ileile ya atropini. Dawa inayomponya wa kwanza ingemzidishia wa pili madhara. Huko Karamoja, Uganda, mwaka 2019, unga wa uji wa msaada ulioingiliwa na mbegu za mmea wa jamii hiyo uliwalaza takribani watu 300, na watu 5 walifariki. Mgonjwa wa mnanaha akifikishwa hospitali na kundi la watu wanaoshikilia kwamba "amevuta bangi", macho ya daktari ndiyo yatakayomwokoa.

Kuna kundi la wagonjwa ambao huogopwa: wale wanaokuja wakipigana. Bangi yenye nguvu humtia mtu hofu kuu, humfanya aamini kwamba anafuatwa au anataka kuuawa, na baadhi husikia sauti. Kijijini hali hiyo hukabiliwa kwa kamba. Vijana wanne humwangusha kifudifudi, mmoja humkalia mgongoni, mikono hufungwa nyuma, na kwa namna hiyo hupakiwa kwenye bajaji au pikipiki ya matairi matatu. Nia ni njema, lakini mtu aliyelazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni hawezi kutanua kifua. Moyo wake tayari unakwenda mbio, mwili umepata joto kwa kupigana, na pumzi inazibwa. Hutulia ghafla, na waliomshika hufurahi kwamba amepoa, kumbe ameacha kupumua. Ikilazimu kumshika ili asijiumize au asiumize wengine, ashikwe mikono na miguu akiwa amelala ubavu au chali, uso uonekane muda wote, na mtu mmoja apewe kazi ya kutazama pumzi yake tu.

Wahudumu wenye uzoefu hutumia kwanza sauti. Mmoja tu huzungumza, kwa utaratibu, akimwita mgonjwa kwa jina lake, akimwambia yuko wapi na kwamba hali ile itapita. Watazamaji huombwa waondoke, taa kali hupunguzwa, king'ora huzimwa. Mara nyingi hayo yanatosha. Yasipotosha, huchomwa dawa ya kutuliza kama daiazepamu. Bangi haina dawa yake maalumu ya kuizimua mwilini. Kazi ya hospitali ni kulinda pumzi, maji ya mwili na usalama wa mgonjwa hadi yaishe yenyewe. Wanaoleta mgonjwa wakidai achomwe "sindano ya kukata bangi" wanadai kitu ambacho hakipo popote duniani. Hapo dereva wa gari la wagonjwa naye akumbukwe. Yuko na muuguzi mmoja nyuma, barabara ni ya vumbi au tope, na mgonjwa anaweza kufungua mlango gari likiwa linakwenda. Ndugu aliyetulia anayekubali kusindikiza, na kusema mapema kama mgonjwa ana kisu au wembe mfukoni, anawasaidia watu watatu kwa wakati mmoja.

Daiazepamu hiyo hiyo inaleta swali la mchanganyiko. Mtu aliyekunywa gongo, akavuta bangi, kisha akachomwa dawa ya kutuliza, anaweza kulala kiasi cha pumzi kukatika. Hali huwa mbaya zaidi akiwa amemeza tramado, vidonge vya maumivu ambavyo vijana wengine huvitumia kama kileo. Katika miji ya pwani kuna sigara iitwayo kokteli, ambayo ni bangi iliyochanganywa na heroini. Kwa heroini na tramado ipo dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi iliyopungua kwa sababu yake. Kwa bangi haifanyi kitu. Anayemtibu mgonjwa aliyezimia hawezi kuchagua sawasawa kama hakuambiwa, na kumwambia "alivuta tu" huku chupa ya gongo ikiwa imefichwa chini ya kitanda ni kumnyima nusu ya ukweli aliyoihitaji zaidi.

Maumivu ya kifua nayo yasipuuzwe kwa sababu ya umri. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2001, ukihusisha wagonjwa 3,882 waliopata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba katika saa ya kwanza baada ya kuvuta bangi hatari ya shambulio hilo huongezeka karibu mara 5. Kwa kijana hatari ya kuanzia ni ndogo, hivyo tukio hili kwake ni nadra. Kwa mzee wa miaka 55 mwenye shinikizo la damu aliyevuta "kupunguza mawazo", hesabu ni nyingine kabisa.

Upo pia ugonjwa ambao hata madaktari wengi duniani hawakuujua hadi mwaka 2004, ulipoelezwa kutoka Australia. Mtu aliyetumia bangi mara kwa mara kwa miaka huanza kutapika mfululizo, siku mbili au tatu, tumbo likimkata. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika humsaidia kidogo au hazimsaidii. Kitu kimoja humpa nafuu, nacho ni kuoga maji ya moto, naye huoga mara kumi kwa siku, wengine hadi kujiunguza. Mgonjwa huyu hutibiwa malaria, halafu taifodi, halafu vidonda vya tumbo, na kila baada ya wiki chache hurudi. Bangi huidhania dawa, kwani amesikia inatuliza kichefuchefu, kwa hiyo huvuta zaidi na kutapika zaidi. Swali la mhudumu, "ukioga maji ya moto unapata nafuu?", laweza kuonekana la ajabu, lakini ndilo ufunguo. Mwanamke anayetapika hivyo hupimwa ujauzito kwanza, na wote hutundikiwa maji, maana figo haziwezi kuvumilia ukavu wa siku tatu. Tiba ya kudumu ni moja tu, kuacha bangi kabisa, na nafuu kamili huchukua siku au wiki.

Kwa nini basi watu hufika zahanati na kunyamaza? Hofu kubwa ni polisi. Hofu hiyo haiwezi kuondolewa kwa kukemea. Inaondolewa kwa maelezo. Mhudumu wa afya si mpelelezi. Anapouliza kuhusu bangi anauliza kama anavyouliza kuhusu mzio wa dawa au ugonjwa wa kisukari, na maadili ya taaluma yake yanamtaka atunze siri ya mgonjwa. Fomu Namba 3 ya Polisi, iliyozoeleka kwa jina la PF3, inahusu waliojeruhiwa, kwa mfano kwa kupigwa au kwa ajali. Anayeumwa bila jeraha haidaiwi kwake, na hata aliyejeruhiwa vibaya huanza kuokolewa, fomu ikafuata. Mahali ambapo mgonjwa amezuiwa mlangoni kwa kukosa karatasi wakati hali yake ni mbaya, wananchi wana haki ya kumwita mganga mfawidhi palepale, na lalamiko lifikishwe kwa mtendaji wa kata au kwa kamati ya usimamizi wa kituo husika. Aibu nayo ina nguvu zake. Baba ambaye ni kiongozi wa dini au mjumbe wa serikali ya kijiji hapendi neno hilo lisikike mapokezini mbele ya majirani. Anaweza kuomba kuzungumza na mhudumu pembeni, na ombi hilo linapaswa kukubaliwa bila maswali.

Jiografia ya mkoa huongeza uzito wa haya yote. Kutoka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Mpanda ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Wakazi wa Mishamo, Inyonga na vitongoji vya Mpimbwe nao hawako karibu, na masika huzidisha umbali. Gari la wagonjwa likiwa limepeleka mwingine, huchukua muda kurejea. Namba 115, ambayo wengi huifahamu kupitia mfumo wa m-mama, ni ya bure, lakini iliwekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa dharura nyingine njia ya uhakika ni kumpigia mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambaye ataita gari na pengine kuelekeza kwa simu cha kufanya wakati linasubiriwa. Namba yake inafaa iwe imeandikwa ukutani nyumbani kabla ya usiku wa shida, na ofisi ya kijiji inaweza kuitoa. Polisi kwa dharura hupatikana kwa 112.

Na wakati wa kusubiri? Aliyezimia au anayesinzia sana alazwe ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje yasiingie mapafuni. Asinyweshwe kitu. Maziwa, mafuta ya kula, maji ya ndimu, maji ya mkaa na kidole kooni vimekuwa dawa za jadi kwa kila sumu, lakini kwa mtu asiyeweza kumeza sawasawa hugeuka kuwa njia ya kumsonga. Maji ya baridi anayomwagiwa hayamwondolei chochote. Degedege likimpata asizuiwe kwa nguvu wala asitiwe kijiko mdomoni. Viondolewe tu vitu vya kumuumiza. Pumzi ikikoma, anayejua kukandamiza kifua na kupuliza aanze hapohapo. Asiye na njia ila pikipiki, na hali hiyo ipo, afahamu kwamba mshikaki ni hatari hasa kwa sababu ya shingo: kichwa kikiinama, ulimi na kidevu huziba koo. Aliyekaa nyuma aegemeze kichwa cha mgonjwa begani mwake, uso ukitazama juu kidogo, na dereva asimame kila baada ya muda mfupi ili pumzi ikaguliwe. Machela ya miti inayobebwa na watu sita hadi barabarani huenda polepole zaidi, lakini kwa aliyezimia mara nyingi ni salama kuliko pikipiki.

Rafiki aliyebaki nje ya geti aingie. Yeye ndiye anayejua kama ilivutwa au kuliwa, vipande vingapi, saa ngapi, kama palikuwa na gongo au vidonge, na kama mgonjwa alianguka. Karatasi ya biskuti, mabaki ya keki, kichupa au ganda la vidonge vije na mgonjwa, hata vikiwa tupu. Kwa mtoto mdogo, mzazi aseme nani mwingine alikuwapo na nani mwingine alikula, kwa maana watoto hugawana, na wa pili huenda yuko nyumbani amelala na kila mtu anadhani ni usingizi.

Mgonjwa akishatulia, safari haijaisha. Baadhi ya familia hufikiri atapelekwa kwenye kliniki za methadoni zilizoanza Muhimbili mwaka 2011. Kliniki hizo ni kwa watumiaji wa heroini na dawa za jamii yake; bangi haina kidonge cha kuibadilishia. Anachohitaji ni ushauri wa mara kwa mara, kazi au masomo ya kumshika, na uchunguzi wa afya ya akili kama sauti na hofu havikuondoka baada ya siku chache. Hali isiyoondoka namna hiyo si ulevi tena na hutibika, iwe katika hospitali ya rufaa ya mkoa au, kwa walio na hali ngumu, Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Mwenye taarifa kuhusu wauzaji wa vyakula vyenye bangi anaweza kuzitoa kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa namba 119, bila malipo. Aliyeruhusiwa kutoka wodini asubuhi asiendeshe bodaboda siku hiyo, hata kama anajiona mzima na mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya jioni.